Kabla ya Kubonyeza

Fundi aliyekuja kupima mota ya mashine ya kusaga, pale Dongobesh, mkono wa kushoto hautoi mfukoni, umeme usije ukapita kifuani. Mota imenyeshewa. Atapitisha umeme mkali kwa kipimo chake chenye kitufe aone kama nyaya zinavujisha. Zikivujisha, mota imekufa, na Benedikta mwenye mashine hana nyingine. Roho yake iko juu, lakini fundi hana haraka. Kabla ya kubonyeza huita kila mtu kwa jina, na kuitikia kwa kichwa hakumtoshi, anataka sauti.

“Mama Benedikta?”

“Niko mlangoni.”

“Bura?”

“Nipo,” akaitika msagaji.

Kidole kikatua kwenye kitufe, kikasita.

“Yonas?”

Fundi akatega sikio.

“Hapa hatuna Yonas, fundi,” Benedikta akasema.

“Najua, mama. Kuna siku nilibonyeza bila kumwita.”

Akasubiri kidogo tena, ndipo akabonyeza.