Kanda ya Piano ya Baba

Robota la mitumba likifunguliwa hutoa harufu yake peke yake: sabuni ya ugenini, dawa ya nondo na vumbi la ghalani, vyote vimebanwa pamoja hata havitenganishiki. Harufu hiyo iliingia nyumbani kwetu Lindi katika miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, mimi nikiwa darasa la nne. Mama alikuwa ameanza kuuza nguo kwenye njia panda ya Mingoyo, na kazi yangu ilikuwa kupekua mifuko kabla nguo hazijafuliwa. Nani angevaa koti la sufu kwenye joto letu sijui, lakini robota halikuuliza. Niliokota vifungo, leso, vipande vya tiketi vyenye maandishi nisiyoyafahamu, na siku moja, ndani ya koti la kijivu, kanda ya kaseti isiyoandikwa chochote.

Nilimpelekea baba, kwa sababu redio kaseti ilikuwa yake na kwa sababu nilitafuta kisingizio cha kumsogelea. Baba alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha korosho, na kiwanda kilikuwa kimefungwa. Watu walisema alikuwa akiujua ugonjwa wa mashine kwa sikio tu. Alikuwa akisimama mlangoni, akiinamisha kichwa, akionyesha kwa kidole beringi inayokufa. Sasa alikaa uani kwenye kigoda tangu asubuhi, akijibu shikamoo yangu kwa marahaba ya puani, kisha basi. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, nami kila siku nilitoka shule nikiuogopa mshindo huo.

Aliiweka kanda, akabonyeza. Ilikuwa piano peke yake, ingawa wakati huo hatukujua kuwa ni piano. Sauti tano au sita zilipanda, zikashuka, zikapanda tena vilevile, zikashuka vilevile. Tulingoja mwimbaji aanze. Hakuanza. Tulingoja ngoma, haikuja. Mama aliyekuwa akifua akasema, "Imekwama hiyo, itoeni." Baba hakuitoa. Aliinamisha kichwa. Baada ya muda mrefu aliniambia, kwa lafudhi yake ya Kimwera ambayo nilikuwa nimeanza kuisahau, "Somoe, haijakwama. Sikiliza chini. Sauti moja imebadilika." Mimi sikusikia kitu, ila nilisema nimesikia, kwa furaha ya kusemeshwa.

Tangu siku hiyo kanda ile ikawa inapigwa kila alasiri. Betri zikichoka nilizianika juani pamoja na dagaa, zikapata uhai kidogo. Mtaa mzima ulisikia, na mtaa ukasema. Mama Tausi, jirani yetu, alimwambia mama kisimani kwamba mtu akiachishwa kazi akaanza kusikiliza wimbo usio na maneno, wimbo mmoja kutwa nzima, apelekwe kwa mganga mapema. Mama alirudi na ndoo nusu, macho mekundu. "Baba Somoe," alisema, "watu wanasema umechanganyikiwa. Nirekodie taarabu humo, nami nipate cha kuimba." Baba alijibu taratibu, "Mama Somoe, nikiisikiliza hii, kichwa kinatulia. Niachie hii tu." Mama alirudi kwenye nguo zake, akafua kwa nguvu mno.

Aliyetuambia ni piano alikuwa Bi Shirini, Mhindi mwenye duka alikonunua betri baba. Alikuja mwenyewe uani, akasikiliza amesimama, mtandio umemtelemka mabegani. "Hii piano," alisema, akionyesha hewani mkono wa kulia ukipiga za juu na wa kushoto za chini. "Mpigaji hakusahau, bwana. Anataka hivyo hivyo." Nikamwuliza kwa nini mtu atake hivyo. Akacheka, akasema, "Wewe unasuka ukili wa mkeka, sivyo? Mbona unarudia?"

Nilitaka sana kusikia alichosikia baba. Siku moja alipokwenda Kilangala kumwona bibi mgonjwa, nilijifungia chumbani na redio. Nilirudisha nyuma, nikapiga, nikarudisha tena, labda mara thelathini, kipande kilekile. Bandu bandu huisha gogo: redio iliguna, sauti ikazama kama mtu anayetumbukia majini, na nilipofungua kilango, kanda ilikuwa imetafunwa, imejiviringisha kwenye magurudumu kama matumbo ya kuku. Nililia mpaka baba akarudi. Sikulilia kipigo. Nililia kwa sababu niliamini nimemrudisha kwenye kigoda chake.

Baba alitazama, akaketi sakafuni kando yangu. "Ulikuwa unatafuta nini?"

"Pale panapobadilika."

"Ukapapata?"

"Nimepapata, baba. Mkono wa kushoto. Unachelewa."

Alicheka! Alicheka hadi mama akaja mlangoni na mwiko. Kisha akaomba bisibisi ndogo kwa Bi Shirini, akafungua kaseti, akakata palipokunjika, akaunga kwa selotepu, mimi nikimshikia ncha. Ilipopigwa, piano iliruka kidogo pale kwenye kiungo, halafu ikaendelea na safari yake. Wiki ileile Mama Tausi alikuja kichwa chini, na kanda yake ya taarabu iliyotafunwa, ameifunga ndani ya khanga. Baba aliitengeneza papo hapo. Baada yake walikuja wengine, na redio, na feni, na cherehani, mpaka kigoda kikahitaji meza.

Baba amefariki. Mimi ninaishi Mtwara, nina watoto watatu, na kila mmoja ana muziki wake masikioni, hata siku nyingi nyumba yangu ni kimya kuliko uani kwetu kulivyokuwa na redio moja tu. Siwalaumu, wanasikia vitu vingi kuliko mimi, tena safi, bila viungo vya selotepu. Lakini hawajui kukerwa pamoja na wimbo mmoja mpaka ukawa wa ukoo. Mwezi uliopita mama, aliyekuja kunitembelea, aliniuliza ghafla kama ile "takataka ya baba yako" haipo kwenye simu. Nilitafuta, nikapata piano za namna hiyo, nyingi ajabu. Nilimwekea moja. Alisikiliza amefumba macho, kisha akatikisa kichwa.

"Siyo yenyewe," alisema. "Hii ina haraka. Tafuta nyingine."

Tulitafuta mpaka chai ikapoa.