Taa Nane za Doña Casilda

Ifahamike kwa wote wanaohusika na shughuli za sinema: kwa mujibu wa kifungu cha kumi na nne cha kanuni za Tume ya Ufundi wa Picha, tukio lolote linalopigwa ndani ya nyumba litaangazwa kwa taa zisizopungua nane, na mahali ambapo taa hizo hazikutumika, mwanga utahesabiwa kuwa haukuwepo. Mpigapicha mkuu atakayekaidi atanyang'anywa kadi yake.

Eutimio Barcenilla alikuwa nacho kifungu hicho kichwani kama wengine walivyokuwa na sala ya Baba Yetu, na kwa njia ileile: alikaririshwa mapema, na hakuna aliyemuuliza kama anakiamini. Kadi yenyewe alikuwa nayo kwa miezi mitano. Kuipata kulimchukua miaka kumi na tisa.

Alizaliwa Paredillas, kwenye tambarare za ngano upande wa Palencia, ambako wakati wa kiangazi watu hula chakula cha mchana saa nane kisha hufunga nyumba kama wanaofunga duka. Mama yake alimlaza kwa lazima. Usingizi haukuja, lakini kijitundu kwenye pazia la vibao kilipitisha mtaa mzima na kuumwaga darini, juu chini: punda wa muuza mitungi akitembea kwato angani, na padri akining'inia kwa viatu kama popo. Eutimio aliyatazama hayo mpaka alipofika umri wa kukatazwa kulala mchana. Hakujua kwamba ni masomo.

Alipotimiza miaka kumi na sita alikwenda Madrid na kupata kazi ya kufagia studio. Baadaye akabeba masanduku ya kamera, kisha akapakia filamu, halafu kwa miaka kumi na mmoja kazi yake ikawa kupima kwa utepe umbali kutoka kwenye lenzi hadi kwenye pua ya mwigizaji, ili sura isififie. Pua zote mashuhuri za Uhispania alizijua kwa sentimita. Wakubwa zake walikuwa watu wa kumwaga mwanga. Jiko la maskini liling'aa kama chumba cha upasuaji, na mshumaa mmoja ulikuwa na vivuli vitatu. Aliwahi kuuliza kuhusu kile kivuli cha tatu, akaambiwa kwamba mtazamaji amekata tiketi ili aone, si ili akisie. Alirudi kwenye utepe wake. Mtu asiye na kadi hana maoni kuhusu vivuli.

Sasa kadi alikuwa nayo, na filamu yake ya kwanza ikampeleka kilomita thelathini tu kutoka alikozaliwa, kwenye nyumba ya mjane aliyeitwa Doña Casilda, huko Villaserna. Tukio lenyewe lilikuwa dogo: mwanamke anapiga pasi huku akisubiri barua. Mwigizaji, Remedios Ayuela, alikuwa ameazimwa kutoka jukwaani kwa siku moja, na treni yake ya kurudi Madrid ilikuwa inaondoka saa kumi na mbili kasoro dakika ishirini. Siku nyingine haikuwepo. Mwongozaji alikuwa ameliandika hilo kwenye karatasi na kuipigilia msumari mlangoni.

Lori la jenereta lilivunjika ekseli kabla ya kufika Palencia. Saturio, mkuu wa mafundi umeme, ambaye hajawahi kushindwa na kitu ila uvumilivu, aliamua kuunga taa nane kwenye umeme wa mji. Ziliwaka kwa muda wa Salamu Maria moja. Kisha Villaserna yote ikazimika, pamoja na mashine ya mwoka mikate na redio ya meya. Meya alituma mtu kuwaarifu kwa adabu kwamba umeme utarudi kesho, Mungu akipenda na kampuni isipokataa.

Saturio alisimama katikati ya chumba akizitazama taa zake.

"Bosi," alisema, "taa nane tunazo. Hilo hakuna wa kutubishia. Zimesimama pale."

"Zimesimama tu."

"Kwani kifungu kinasema ziwake?"

"Kinasema zitumike."

"Basi tundika koti lako hapo, zitumike."

Wakatundika makoti, kwa kuwa palikuwa na joto. Lakini Eutimio hakucheka. Akikataa kupiga picha, filamu itakufa na yeye hatakuwa na kosa lolote. Kanuni zitamlinda kama mama. Akipiga bila taa na Tume ikagundua, atarudi kupima pua. Alikuwa na miaka thelathini na mitano, na magoti yake yalikwisha kumwambia kwamba hayawezi tena kuchuchumaa chini ya kamera. Remedios, poda ikianza kumeguka usoni, alikuwa anatazama saa ya ukutani kwa uso wa mtu asiyetaka kuonekana anaitazama.

Ndipo Doña Casilda alipoingia, aproni ya jikoni imemzunguka kiunoni. Aliwaomba radhi kwa jumla, akasema kwamba yeye saa hii hushusha pazia, na kwamba joto halina habari na sinema. Hakusubiri jibu. Alivuta kamba mara tatu, akasimama, akalegeza kidogo, kisha akabana kibao kimoja kwa kibanio cha nguo.

Chumba kikabadilika. Utepe wa jua ulilala sakafuni na kurusha mng'ao darini. Uani, shuka nyeupe zilizoanikwa zilisukuma weupe wao mpole hadi ukutani. Remedios, aliyekuwa ameegemea meza ya pasi kwa uchovu tu, alipata ghafla nusu ya uso iliyojulikana na nusu iliyobaki siri yake. Eutimio alitoa kipimamwanga. Mshale ulinyanyuka kama mzee anayetoka kitini, ukafika mahali ukachoka. Mwanga ungetosha kwa shida, lenzi ikifunguliwa yote, na kama maabara watakubali kuilowesha filamu kwenye dawa kwa muda mrefu kuliko walivyofundishwa.

"Mama," aliuliza, "umelishushaje hilo?"

"Kwa kamba, mwanangu. Nyie huko Madrid mnashusha kwa nini?"

"Unaweza kulipandisha kidole kimoja?"

"Changu au chako?"

"Chako."

Alipandisha. Kilikuwa kidole sahihi. Eutimio alitazama ile karatasi mlangoni, akagusa kadi kwenye mfuko wa shati, akamwambia mwongozaji kwamba wako tayari.

Walifanya kazi hadi saa kumi na moja. Jua lilivyozidi kuhama, Doña Casilda alihamisha mwanga bila kuambiwa, kwa sababu ndivyo alivyofanya kila siku tangu aolewe. Alipoona ukuta unafifia alikwenda uani na kuzisogeza shuka mbili, akirudi analalamika kwamba watu wazima ishirini wamejaa nyumbani na hakuna hata mmoja anayejua kuanika. Tatizo lilikuwa kamba. Ilikuwa fupi na imechakaa, ikambidi asimame karibu na dirisha, karibu mno na picha. Eutimio alimwomba mara mbili asogee kushoto, naye alisogea kama mtu anavyosogezwa nyumbani kwake mwenyewe, yaani kidogo sana. Remedios aliwahi treni akiwa bado na poda.

Kwenye fomu ya Tume, Eutimio aliacha wazi nafasi ya idadi ya taa. Karani wa kampuni ya filamu, mtu nadhifu, aliona pengo, akaona kwamba taa nane zilikodiwa, akaandika nane.

Baada ya wiki sita Eutimio aliitwa Madrid kwa ajili ya ukaguzi. Wakaguzi walikuwa watatu, wametoka kula dengu na nyama ya nguruwe, na katikati yao alikaa katibu wa Tume, Don Wenceslao Ibarrondo, ambaye kifungu cha kumi na nne alikiandika kwa mkono wake. Eutimio aliketi nyuma. Tukio la pasi lilipoanza aliinamisha macho kwenye viatu vyake, na hapo yakabaki.

Tukio likaisha. Kisha Don Wenceslao akaagiza mkanda urudishwe.

Ulirudishwa. Eutimio alianza kuhesabu sentimita kutoka kwenye lenzi ya projekta hadi kwenye kisogo cha katibu, kwa mazoea, kama mtu anayeaga kazi moja na kusalimia nyingine.

"Nane," Don Wenceslao alisema.

Aliwaonyesha wenzake kwa penseli. Mbili zimegeuzwa darini. Moja inakwaruza sakafu. Tatu ziko nje, zinapita kwenye kitambaa, jambo la gharama lakini la busara. Moja imekaa nyuma ya mwigizaji.

"Na ya nane, hii ya kushoto, imefichwa vizuri mno. Siioni kabisa." Akageuka. "Umeona, kijana? Taa zikitosha, hazionekani. Ndivyo tulivyokusudia."

"Nimeona, Don Wenceslao."

Muhuri ulipigwa. Eutimio alitoka nje. Alikula mkate wa ngisi akiwa amesimama kwenye baa ya kwanza aliyoiona, akala wa pili, na hapo ndipo alipokumbuka kwamba tangu jana hakuwa ametia kitu kinywani. Kadi mfukoni ilikuwa imelowa jasho hadi wino wa jina ukaota ndevu, lakini ilisomeka. Alimpigia simu Saturio.

"Wamekubali. Wamehesabu nane."

"Nane zipi?"

"Zetu."

"Na makoti hawakuyaona?"

Walicheka mpaka mwenye baa akaja kuangalia kama simu ni nzima. Kwenye treni ya kurudi Eutimio alilala usingizi wa mchana, ule alioukosa utoto wake wote, na akapitilizwa kituo.

Baadaye alipiga filamu arobaini na kidogo, nyumbani na ng'ambo, na wasomi waliandika kurasa nyingi kuhusu mwanga wake usiojulikana unatoka wapi. Kila mahali alifika na lori la taa, kama kanuni zilivyotaka, kisha akamtafuta mama mwenye nyumba na kumuuliza hushusha pazia saa ngapi. Kwa Doña Casilda alituma kamba mpya ya katani. Alijibiwa kwa kadi ya posta: imefika, ni ndefu mno, iliyobaki ameitumia kuanikia.

Lakini hayo ni ya miaka mingi. Majira ya kuchipua yaliyofuata ukaguzi ule, Tume ilichapisha upya kanuni zake. Kifungu cha kumi na nne hakikubadilishwa hata mkato. Kwenye ukurasa unaokikabili iliwekwa picha kutoka tukio la pasi, na chini yake maneno: Matumizi sahihi ya taa nane. Ukingoni mwa picha hiyo, upande wa kushoto, karibu na dirisha, unaonekana mkono wa mwanamke mwenye pete ya ndoa, umeshika kamba.