Upawa wa Meja von Grabbin

Nilimpikia Meja Hasso von Grabbin miaka ishirini na tisa, kwa hiyo asije mtu kunifundisha alikuwa mtu wa namna gani. Wengine wanamjua kwa ile picha ya ukumbini, nishani tatu kifuani na masharubu yamekaa sawa. Mimi nimemwona akitafuta meno yake ya bandia chini ya meza. Alipenda njegere za kupondwa zenye mafuta ya nguruwe, na akikasirika sauti yake ilishuka badala ya kupanda.

Alizaliwa kwenye nyumba hiyohiyo kubwa, hapa kwetu Pomerania, na baba yake akampeleka shule ya jeshi akiwa na miaka kumi na mmoja. Alipigana vita viwili. Katika vya pili, kule Ufaransa, risasi ilimwingia nyongani akaanguka kwenye shamba la kabichi, na watu wakampita wakidhani amekufa. Aliyerudi kumchukua ni mtumishi wake wa jeshini, Krischan Pagel, mtoto wa mchunga kondoo wa hapa kijijini. Akamtia mgongoni. Njiani Krischan naye akapigwa risasi ya goti, na bado hakumwangusha. Krischan huyo ndiye mume wangu.

Kwa goti hilo Meja alitupa nyumba: vyumba viwili, jiko zuri la vigae, kipande cha viazi na ruhusa ya kulisha ng'ombe mmoja. Krischan akawa mwendeshaji wa gari lake la farasi. Nyumba za watu wa shamba si zao. Ukifukuzwa kazi Jumamosi, Jumapili vyombo vyako viko barabarani na majirani wanakuchungulia dirishani.

Meja aliposhindwa kukaa juu ya farasi aliingia kwenye siasa, na wilaya ikampeleka bunge la Berlin mara nne mfululizo. Kwetu kumchagua hakukuhitaji kufikiri. Siku ya kura wanaume waliacha kazi, wakaandamana hadi nyumba ya wageni, na mlangoni Struck, msimamizi wa shamba, akampa kila mmoja karatasi iliyochapwa jina la Meja. Ndani alikaa Meja mwenyewe, maana ndiye aliyesimamia kura, na kila mtu alimkabidhi karatasi yake mkononi, imekunjwa. Yeye akailaza ndani ya bakuli langu kubwa la supu, lile la maua ya buluu, moja juu ya nyingine. Struck, akishagawa karatasi, aliingia akaketi pembeni akiandika majina kwa zamu. Sheria ilisema kura ni siri. Lakini karatasi zikifunguliwa kwa mpangilio uleule, na majina yako hapo kwenye orodha, siri gani hiyo?

Sasa nimseme Mieke, binti yetu, ingawa naona uchungu mpaka leo. Alikuwa na miaka kumi na saba, mkamuaji ng'ombe kwenye shamba la jirani. Bwana wa huko alimpiga kwa kigoda cha kukamulia. Mieke akatembea usiku kucha kwenye theluji hadi kwetu. Siku ya tatu akaja askari juu ya farasi kumrudisha, kwa sababu sheria ya watumishi ilisema mtumishi haondoki kabla mwaka wake haujaisha, na bwana ana haki ya kumchapa. Nilikimbia kwa Meja na aproni yangu.

"Bwana Meja, nakuomba. Neno lako moja tu."

"Lene, siwezi kuvunja sheria inayompa haki jirani yangu," alisema, kwa sauti ya chini.

Mieke alirudi huko akitembea kando ya farasi. Walimlaza zizini, mapafu yakashika baridi, na kabla ya Pasaka tulimzika. Mwezi huohuo Meja alisimama bungeni kuitetea sheria ile. Mchungaji alitusomea hotuba yake kwenye gazeti, akidhani tutajivuna.

Uchaguzi ulipofika mwezi wa Juni, asubuhi nilimkuta Krischan akichomeka karatasi ndani ya mkono wa koti lake. Ilikuwa na jina la Daktari Rosenow, mpinzani wa Meja.

"Wewe una wazimu?" nikamwambia. "Struck atakupata kabla ya chakula cha jioni."

"Anipate."

"Na nyumba? Tukalale wapi, kwenye zizi? Goti lenyewe bovu, nani atakuajiri, kiwete wewe?"

"Mama Mieke," alisema, na tangu mazishi hakuwa ameniita hivyo, "goti nilimpa Meja. Hii simpi."

Nilinuna. Nilimtupia kofia yake badala ya kumpa. Kisha nikabeba bakuli langu kwenda nyumba ya wageni, na siku nzima nikapika kahawa jikoni kwao. Nilimwona kupitia mlango akifika mezani. Meja alipokea karatasi, akaishika muda mrefu kidogo kuliko za wengine, akailaza bakulini. Nikajua amejua. Karatasi za Struck zilikuwa nene, na za daktari, ingawa walizifananisha rangi, zilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Struck hakuzigusa, yeye aliandika tu.

Saa kumi na mbili jioni, jua bado kali, mlango ukafungwa wahesabu. Wanaume walisimama ukutani kofia mkononi. Struck akaweka orodha yake kando ya bakuli na kunoa penseli.

"Tuanze ya juu, Bwana Meja," akasema. "Ya juu ni ya aliyepiga mwisho. Tutashuka nazo moja moja."

Meja aliliangalia bakuli.

"Lene," akaita. "Lete upawa."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikauleta, ule mkubwa wa bati wa nyumba ya wageni. Akausimika ndani ya bakuli akakoroga. Hakukoroga kwa mzaha. Alizungusha chini kwa juu, mara tatu, nne, hadi karatasi zikavurugika kabisa na nyingine zikamwagika mezani, akaziokota na kuzirudisha, akakoroga tena.

"Bwana Meja," Struck alisema, uso umemwiva, "mpangilio wote umepotea."

"Supu haijakorogwa tangu asubuhi, Struck. Lene angenichapa."

Hakuna aliyecheka. Akaanza kufungua na kusoma kwa sauti ileile aliyoitumia kwenye gwaride. Von Grabbin. Von Grabbin. Rosenow. Nikashika ukingo wa mlango. Von Grabbin. Rosenow. Nikadhani amekosea kusoma. Alipomaliza, jina la daktari lilikuwa limetoka mara saba, na mara zote saba alilitamka wazi, bila kumeza hata herufi. Struck alitazama nyuso arobaini na nane kando ya ukuta, na zote zilikuwa za mbao.

Jioni ile Meja aliingia jikoni kwangu. Hakuwahi kuingia, hakujua hata kiti kiko wapi, akabaki amesimama na fimbo yake.

"Ni kwa ajili ya Mieke?" akauliza.

"Ndiyo, Bwana Meja."

"Na wale sita?"

"Siwajui."

"Mimi nawajua. Karatasi zao zilipita mkononi mwangu."

Hasira ilinipanda nikasahau ninaongea na nani. "Basi kama unawajua, Bwana Meja, unajua pia nani kati yao ana binti."

Sauti yake haikupanda wala haikushuka, haikuwepo kabisa. Alisimama hadi njegere zikaanza kuungua, kisha akatoka, na chakula chake kikarudi jikoni kama kilivyokwenda.

Wilaya ilimpa ushindi hata hivyo, na akakaa Berlin miaka mingine mitano. Sheria ile hakuitetea tena. Hakuipinga pia, na hilo sijamsamehe. Kati ya wale saba hakuna aliyetolewa nyumbani, na Struck hadi leo hawajui.

Alipokufa, jeneza lake lilivutwa na farasi wawili weusi na Krischan ndiye aliyeshika hatamu. Mchungaji alitaja vita viwili, nishani tatu na miaka ya bunge. Upawa hakuutaja. Kaburini Krischan alijilazimisha kusimama kiaskari kwenye goti lile, na machozi yakamshuka mbele ya watu.

Tukiwa njiani kurudi nikamuuliza, "Unamlilia nini mtu yule?"

"Siku ile ya upawa alinibeba," akasema. "Kama nilivyombeba."

"Na Mieke? Mieke alibebwa na nani?"

Alitembea akichechemea hadi mlangoni. Tukaingia nyumbani kwetu, kwenye vyumba vyetu viwili, na nikawasha moto kwenye kile tunachokitumia; cha Mieke tumekifunga tangu mazishi.