Bugaluu na Sauti ya Mama

Baba yangu ni fundi redio, na ukimwita kwa jina lililo kwenye kitambulisho chake hageuki. Hugeuka ukisema Bugaluu. Jina hilo alilipata miaka ya sabini, alipokuwa mpiga gita wa bendi ya roki ya vijana watano, kwa sababu ya suruali zake za bugaluu, zilizobana mapajani kisha zikamwagika chini hadi zikafagia njia. Juu alivaa shati la kola pana, miguuni viatu vya raizoni vilivyomwongezea urefu ambao Mungu hakumpa, na kichwani alifuga afro ambayo, kwa maneno ya shangazi yangu, ungeweza kuficha kuku ndani yake. Sasa ana upara. Picha zimebandikwa ukutani kibandani kwake, na kila mteja anayeleta redio huoneshwa, apende asipende.

Zamani zake hizo zilinichosha, nasema kweli. Kila kizuri kilikwisha kabla sijapata akili: muziki, dansi, mavazi, hata adabu. "Nyinyi mnasikiliza kelele," huniambia, mtu aliyepasua spika tatu za ukumbi kwa gita la umeme. Lakini ndani ya zamani hizo kulikuwa na kitu kimoja ambacho na mimi nilikidai kuwa changu, nacho ni sauti ya Mama.

Mama ndiye aliyekuwa mwimbaji wao. Alifariki nikiwa na mwaka mmoja na nusu, kwa homa iliyommaliza ndani ya wiki moja. Siukumbuki uso wake wala mkono wake. Alichoacha ni kaseti moja yenye nyimbo nne, zilizorekodiwa mazoezini kwa redio kaseti ya Baba, Mama mwenyewe akibonyeza vitufe. Tangu nikiwa mdogo, kila Jumapili alasiri Baba huitia kaseti ile kwenye redio hiyohiyo, hushika gita, hurekebisha nyuzi mpaka zilingane na wimbo, kisha hupiga pamoja na mkewe. Mimi hukaa kwenye kigoda, sikio karibu na spika.

Sauti ya Mama ilikuwa nzito, nzito na ya taratibu, ya mtu asiye na haraka ya kwenda popote. Na yangu ni nzito. Shuleni waliniita Dume, na hadi leo nikipokea simu naambiwa "habari, kaka". Utotoni nililia sana kwa jambo hilo, hadi siku moja nikiwa mbele ya spika ile nikatambua nimeitoa wapi. Toka hapo kila aliyenicheka nilimwona hana habari. Uso wa mama sikuwa nao, lakini koo lake nilikuwa nalo.

Redio ile haikufunguliwa kamwe. Za wateja Baba huzifumua mchana kutwa, huzibadilishia mota, belti na vitufe huku akipiga mluzi, lakini ya kwake hata vumbi hulifuta kwa kitambaa cha miwani. "Si inafanya kazi?" husema. "Nikiifungua nikaiharibu, mama yako nitamwambia nini?" Kuiweka kaseti kwenye mashine nyingine hataki, kwa kuwa mashine za watu hutafuna kanda. Nilipoomba niirekodi kwa simu alinitoa kibandani mbio. "Simu itamfanya mama yako alie kama nzi kwenye chupa!"

Mwezi uliopita alikuja Kishindo, aliyekuwa mpiga dramu wao. Hawakuwa wameonana tangu siku ya mazishi ya Mama. Alikuja kutibiwa macho, akaamua kumtafuta mwenzake.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Sogea nikuone, macho yangu nusu nimeyaacha kwa daktari."

Waliongea saa nzima. Kishindo alidai kwamba Baba alianguka jukwaani kwa sababu ya zile raizoni.

"Mara moja tu!" Baba akaruka.

"Mara moja kila wiki."

Nilicheka hadi mbavu zikaniuma. Kwa kuwa ilikuwa Jumapili, Baba akafuta mikono, akaitia kaseti.

Kishindo alianza kugonga meza kwa vidole viwili, akizifuata dramu zake mwenyewe. Akazitangulia. Akasimama, akazisubiri, akaanza upya, akazitangulia tena. Mama alipoanza kuimba, mzee aliinua kichwa.

"Huyo nani?"

"Nani tena? Shemeji yako."

"Bugaluu, usinitanie. Macho yangu mabovu, masikio hayana neno. Shemeji alikuwa na sauti nyembamba, inakatiza ukumbi mzima. Huyu anaimba kama amesinzia. Na mimi sijapiga dramu polepole hivi hata siku nilizolewa." Akanyoosha mkono akaligusa gita. "Na nyuzi zako mbona zimelegea kama kamba ya kuanikia nguo?"

Baba alilitazama gita, halafu redio. Kisha rangi ikamtoka usoni, nami nikaelewa kabla hajasema. Ndani ya redio kaseti mna belti ya mpira inayozungusha kanda. Ikizeeka hulegea, kanda ikatembea polepole na sauti ikashuka. Amewaeleza wateja jambo hilo mara elfu. Lakini ya kwake ililegea kidogo kidogo kwa miaka arobaini na ushei, na kila Jumapili alililegeza gita kuifuata, akizilaumu nyuzi.

"Baba, iache," nikasema. "Si inafanya kazi?"

Bisibisi ilikuwa mkononi tayari. Alifungua, akaitoa ile belti kuukuu, akachukua belti mpya kwenye kopo lake, akafunga.

Sauti iliyotoka ilikuwa ya msichana, nyembamba na ya haraka, yenye kicheko ndani yake. Sikuwahi kumsikia mtu huyo maishani mwangu. Angenipigia simu, ningemuuliza anamtafuta nani.

"Shemeji huyo!" Kishindo akapaza sauti, na safari hii vidole vyake na dramu vilikwenda sawa. Baba aliketi sakafuni kati ya redio za watu, akalia bila kujificha.

"Ndiye," alisema. "Ndiye huyu. Nimekaa naye kila Jumapili, kumbe nilikuwa nimemsahau." Akanivuta mkono. "Msikilize mama yako, mwanangu."

Nikamsikiliza. Katika nyimbo zote nne nilitafuta mahali popote penye sauti yangu, sikupaona. Furaha ya Baba niliiona, nikaionea wivu, nikajiona mwovu.

Kanda ilipokwisha nikamwinamia sikioni. "Baba, irudishe ile belti ya zamani. Wimbo mmoja tu, nakuomba."

Alinitazama kwa mshangao. Halafu akaelewa, macho yakamshuka. Akafungua kiganja. Belti ilikuwa vipande vitatu vyeusi, imemnata vidoleni.

"Imeoza, mama," alisema. "Ilikatika nilipoigusa."

Kishindo, ambaye hakuona kitu, akauliza mbona tumenyamaza, akaomba kaseti irudishwe mwanzo.