Kofia ya Fundi wa Kompyuta

Fundi wa kompyuta wa mjini Labasa havui kofia, hata joto lizidi vipi. Huinamia diski mbovu kama mzazi asikilizaye kifua cha mtoto mwenye kikohozi, na swali lake ni lile lile: "Dada, ikifa sasa hivi, ungependa nini kiwe kimeokoka?"

"Sauti ya marehemu mama," alijibu Merewalesi, mteja wake wa siku hiyo. "Picha zangu ziache, nilikuwa mnene."

"Kwani sasa umekonda?"

Diski ilikwaruza, ikanyamaza, ikakwaruza tena. Kisha mama akasikika akisali, akiwataja wajukuu mmoja mmoja. Fundi akavua kofia, kama avuavyo mtu wa huko kwa heshima aingiapo kijijini, na hakuirudisha kichwani mpaka mama aliposema amina.  Merewalesi akakunja viganja, akavipiga polepole, kama wanavyoshukuriwa machifu wa kwao.