Pindo la Kanzu ya Fondo

Ukitaka kumjua Kahonzi, mtazame anavyopima mtoto. Hashiki futi kwanza. Humwambia mtoto ageuke, azunguke, akimbie hadi mlangoni arudi, naye humtazama kwa macho yake yale ya mtu aliyeamka sasa hivi, ndipo apime. Na akishashona, ndani ya pindo la chini huacha kitambaa cha vidole vinne kimekunjwa. Hiyo sisi mafundi twaiita akiba. Mtoto akirefuka, mamake hulirudisha gauni, Kahonzi hufumua uzi, huteremsha akiba, na gauni laendelea mwaka mwingine. Nusu ya watoto wa mtaa wetu hapa Malindi wamekulia ndani ya akiba za Kahonzi.

Mimi ndiye Mahira, mwenye duka. Nadarizi kofia na kushona mabuibui, yeye hushona vya watoto na sare za shule, na cherehani zetu zimetazamana miaka kumi na moja. Yeye ni Mgiriama wa Magarini, Mkristo asiyekosa Jumapili. Mimi ni Mwislamu, na mdomo wangu hauna mlango, kila mtu ajua. Kahonzi husema kidogo. Waweza kumwuliza jambo asubuhi akakujibu baada ya adhuhuri, nawe ushasahau uliuliza nini. Alikuwa hivyo tangu nimjue, lakini alizidi baada ya kufa Fondo.

Fondo alikuwa mwanawe wa kwanza. Homa ilimchukua kwa siku tatu, akiwa na miaka saba. Mdogo wake, Linet, alikuwa na sita. Baba yao alikwisha kwenda zake Mombasa na hakurudi hata kuzika, na huyo sitamtaja tena, nisije nikaharibu udhu wangu bure.

Kanisa la Kahonzi ni dogo, la makuti, watu arobaini hivi, huko huko kwao Magarini. Anayewafundisha ni Mzee Tsuma. Nilitaka sana kumchukia mtu yule, na sikuweza. Ni mpole, hakumwomba mtu kitu, hakumkataza mtu chakula wala dawa. Alifanya kazi ya chumvi Gongoni miaka ishirini na miwili, ule weupe ukamharibu macho, na sasa huvaa miwani nyeusi hata ndani ya nyumba. Katika miaka hiyo ya kukokota chumvi ndipo alipoanza kusoma unabii wa Danieli na wa Ufunuo: wanyama watokao baharini, sanamu yenye nyayo nusu chuma nusu udongo, yale majuma sabini. Akafahamu kwamba siku moja ya nabii ni mwaka mmoja wa kwetu, akajumlisha, akatoa, akajumlisha tena. Na alipofika pale pasemapo kwamba waliookoka watasimama kando ya bahari ya kioo, alicheka peke yake. Kahonzi ndiye aliyenisimulia. Alicheka kwa kuwa bahari hiyo aliijua, aliifanyia kazi. Ni mabwawa ya chumvi ya Gongoni alfajiri, kabla upepo haujaamka, maji yametulia na mbingu yote imelala ndani yake.

Hesabu zikaangukia Jumapili ya pili ya Desemba, mwaka jana. Bwana angekuja jua likichomoza, na wafu wake wangefufuka kwanza.

Kahonzi aliniambia haya mwezi wa Septemba, mkono wake umeshika gurudumu la cherehani na hauzungushi.

"Bi Mahira, nimepewa kazi ya kanzu. Nyeupe. Za kanisa zima."

"Za kwaya?"

"Za kupokelewa."

Sikumcheka. Sisi nasi twamngoja Nabii Isa ashuke, ila tumeambiwa atashukia Shamu, mbali huko. Nikamwambia, "Haya, kama ameamua kupitia Gongoni kwanza, mwenyewe ndiye ajuaye njia." Kahonzi akatabasamu. Alikuwa hajatabasamu hivyo tangu siku za Fondo, na mimi, mwanamke mpumbavu, nikafurahi.

Basi duka likawa jeupe. Kanzu zilitundikwa ukutani, juu ya mlango, kwenye kamba kutoka msumari hadi msumari, na upepo wa kaskazi ulipoanza zilijaa zikasogea kama zina watu ndani. Mwanga ukabadilika. Wateja waliingia na kelele zao za sokoni, wakifika katikati ya duka wanaanza kunong'ona bila kuambiwa. Mimi mwenyewe nilikuwa nikikaa kudarizi nasikia usingizi mtamu usio wa kulala, na saa zikipita sijui zimepitia wapi. Kahonzi alishona na kuimba kwa sauti ndogo, Kigiriama, wimbo wa kubembelezea mtoto.

Aliyenitoa usingizini ni Linet. Mtoto yule amemaliza gredi ya sita, hesabu anazicheza kama kete, na Januari alikuwa aingie gredi ya saba kwenye shule nyingine, yenye sare nyingine: shati jeupe, sketi ya kijani. Fomu ya shule ilikuwa kwenye droo ya vifungo, haijajazwa. Mwezi wa kumi ukapita, wa kumi na moja nao ukaingia.

"Kahonzi," nikasema, "sare ya mtoto washona lini?"

"Januari haipo, Bi Mahira."

Hivyo tu, kama mtu akwambiaye sukari imekwisha. Watoto wa watu alikuwa akiwashonea sare, tena na akiba zao, maana mama zao walizitaka. Wa kwake ndiye asiye na Januari. Nikanyamaza siku mbili, na kwangu mimi hiyo ni saumu.

Siku ya tatu nilikuwa napiga pasi kanzu zilizokwisha. Nikashika moja ndogo, nikaiona nzito. Nikaigeuza. Lo! Pindo lake halikuwa la vidole vinne. Lilikuwa limekunjwa mara tatu, shibiri nzima na zaidi, mikono nayo imekunjwa kwa ndani, ubavuni pameachwa kitambaa cha kutosha mtoto wa pili.

"Hii ya nani?"

Mwuza maji alipita na mkokoteni wake, akapotea mwisho wa kichochoro, ndipo akajibu.

"Ya Fondo."

Nikaketi.

"Nilimwuliza Mzee Tsuma," akasema. "Nikamwuliza, mtoto aliyekufa na miaka saba, atafufuka na saba au atafufuka na kumi na mitatu, kama ambavyo angekuwa? Mzee alivua miwani, akafikiri. Akaniambia, 'Mwanangu, hilo halikuandikwa.' Sasa mimi nitajuaje kipimo? Nimekata ya miaka saba, nikaacha akiba ya kumi na mitatu. Nitamwona kwanza. Akiwa mrefu nitafumua pale pale. Sindano nitakwenda nayo."

Nililia, sina haya ya kusema. Nililia na pasi mkononi, nusura niunguze kanzu ya mzee wa kanisa. Kisha sijui shetani gani alinituma, nikaitafuta kanzu ya Linet kwenye kamba, nikaipindua chini. Pindo jembamba, la kidole kimoja, limeshonwa likaisha. Hapana akiba hata ya uzi.

Hapo hasira zikanipanda. "Kahonzi! Aliyekufa umemwachia nafasi ya kukua. Huyu aliye hai, alaye ugali wako kila siku, hukumwachia hata kidole! Ndiyo nini hii?"

"Linet hatakua tena hapa," akasema, kwa upole wote wa dunia. "Tutakuwa tumeshafika."

Na Linet alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya maji aliyotumwa. Alisikia yote. Aliiweka ile chupa juu ya meza yangu, taratibu, akasema, "Shikamoo, Bi Mahira," naye alikwisha kuniamkia asubuhi. Nikaitika, "Marahaba, mwanangu."

Jumapili yenyewe nilikwenda nao. Sikualikwa, nilijialika. Niliswali alfajiri, nikavaa buibui langu, nikapanda tuktuk pamoja nao hadi Gongoni, mimi mweusi katikati ya weupe wawili. Kahonzi amepakata kanzu ya Fondo, sindano ameichoma kifuani.

Sitaki mtu aniulize kama pale palikuwa pazuri. Palikuwa pazuri mno. Mlinzi wa mabwawa alikuwa kijana aliyefundishwa kazi na Mzee Tsuma, akatuacha tupite. Watu wamesimama juu ya matuta kati ya mabwawa, arobaini, weupe mtupu, na chini yao ndani ya maji wengine arobaini, vichwa chini, wamegusana nyayo. Hapakuwa na upepo. Ilikuwa vigumu kujua mbingu inaishia wapi. Waliimba polepole, na sauti ilikwenda juu ya maji ikarudi imelainika zaidi. Mashariki pakawa na rangi ya waridi, kisha ya dhahabu, na mimi, Mahira wa Malindi, niliyekuja kuchunga mtoto wa watu, nikajikuta nimekodoa macho. Nilitaka aje. Wallahi nilitaka aje, kwa ajili ya yule mama na ile kanzu.

Jua likatoka. Likatoka lote, likaiacha ardhi, likaanza kuchoma. Wimbo ulikwisha ukaanzwa tena, ukakwisha, na mara ya tatu haukuanzwa. Mtoto mchanga akalia njaa. Mzee Tsuma alikuwa amevua miwani, machozi yanamtoka, sikujua ni ya moyo au ya mwanga.

Linet alikuwa amechoka kusimama, akatembea peke yake juu ya tuta, mbali kidogo, hata mvuke wa chumvi ukamfanya aonekane kama anayeelea. Kanzu nyeupe, kichwa kimenyolewa cha shule, ametugeuzia mgongo. Kahonzi akamwona.

"Fondo!" akaita.

Sijapata kusikia mtu akiita hivyo. Akakimbia. Juu ya tuta lile jembamba, miguu mitupu, kanzu ndogo mikononi, "Fondo! Fondo, mwanangu!" Nami nyuma yake na buibui langu, namwomba Mungu tusiangukie majini.

Mtoto akageuka.

"Ni mimi, mama," Linet akasema. "Ni mimi tu."

Hilo "tu" ndilo lililonikata maini.

Kahonzi akasimama hatua mbili mbele yake, anahema. Akamtazama. Nikaona macho yake yanateremka, kutoka usoni, mabegani, viganjani, hadi chini, yale macho yake ya kupima. Kanzu aliyomshonea Septemba ikifunika vifundo vya miguu, sasa ilikuwa imeishia juu yake. Kidole kimoja, au viwili. Miezi mitatu yote watu wakihesabu mwisho wa dunia, na mtoto alikuwa akikua.

Fundi ni fundi. Kahonzi akapiga magoti juu ya chumvi, akashika pindo la kanzu ya Linet, vidole vyake vikaingia ndani kutafuta akiba, kama afanyavyo kila siku kwa watoto wa watu wote. Akapapasa mbele. Akapapasa ubavuni, akazunguka hadi nyuma. Hapakuwa na kitu.

"Sikukuachia," akasema. "Mayo, sikukuachia."

Kwao mayo ni mama, na ndivyo wamwitavyo hata mtoto wa kike wakimpenda. Akamkumbatia miguu, akalia kilio ambacho nadhani alikuwa nacho tangu siku ile ya kuzika. Linet alisimama kwanza amekakamaa. Kisha akaweka mkono juu ya kitambaa cha kichwa cha mamake, akakaa hivyo, jua likituchoma sote watatu.

Tuliporudi kwa wenzetu, Mzee Tsuma alikuwa akisema nao. "Ndugu zangu, nimekosea mimi, hakukosea Bwana. Nisameheni. Nendeni mkawape watoto chakula." Wengine walikasirika, wengine mpaka leo wanapiga hesabu upya. Kahonzi alimpa mkono, akamshukuru, tukapanda tuktuk.

Jumatatu nilifika dukani nikamkuta amefungua yeye. Kamba hazina kitu, duka limerudi kuwa duka. Fomu ya shule ilikuwa juu ya meza, imejazwa, kwa mwandiko wa Linet, na sahihi ya mamake chini. Kahonzi ameshika kanzu ya Fondo, anafumua. Alifumua pindo lile lote, mikunjo mitatu, akafumua mikono na ubavu, akakitandaza kitambaa mezani. Kilikuwa kikubwa kushinda nilivyodhani. Akachukua chaki.

Linet alikuwa amekaa kwenye kigoda changu. Akatazama kitambaa, akatazama chaki.

"Hilo ni shati langu?"

"Ni lako. Na lingine juu yake."

"Na Fondo je? Bwana akija, Fondo atavaa nini?"

Kahonzi safari hii hakungoja adhuhuri.

"Atashonewa," akasema. "Kwani fundi si nipo?"

Kisha akaitupa futi begani, akamgeukia. "Haya, simama. Geuka. Zunguka. Sasa kimbia hadi mlangoni, urudi."

Msichana wa miaka kumi na miwili, ameshaanza kujiona mkubwa, alinitazama mimi kwa haya. Nikamwambia, "Kimbia, wee! Wataka shati au hutaki?"

Linet akakimbia.