Kanga Juu ya Kaburi la Mujuni

Kaburi limepokea senene, likarudisha kanga.

Ndivyo walivyosema watu wa Kamachumu asubuhi ile, na hakuna aliyethubutu kucheka.

Ulikuwa mwezi wa Novemba, vita vya Hitla vimekwisha miaka miwili nyuma. Kokuberwa, mjane wa Mujuni, aliamka, akachukua jembe, akazunguka nyuma ya nyumba. Kaburi la mumewe lilikuwa humo humo kibanjani, katikati ya migomba.

Jana yake alikuwa ameweka pale kifurushi cha senene, amekifunga kwa jani la mgomba.

Kifurushi hakipo.

Mahali pake pana doti ya kanga. Mpya. Imekunjwa vizuri, bado inanukia duka.

Jembe likamtoka mkononi.

Sasa kama wewe si mtu wa Kagera, ngoja nikuweke sawa. Kwa Wahaya wa zamani, msimu wa senene ukifika mwanamke hudamka kwenda rweya, ule uwanda wa nyasi nje ya vijiji, kuokota senene, wale panzi wa kuliwa. Yeye haonji hata mmoja. Ni mwiko. Anampelekea mumewe. Na mume akishapokea, anamnunulia mkewe nguo mpya.

Senene wamepokelewa, nguo imetoka. Maana yake ndoa iko imara.

Mujuni alikuwa chini ya udongo tangu katikati ya vita. Leo ametoa nguo.

Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Mama mkwe wake, Anatolia, alifika akiburuta miguu. Akaitazama kanga. Akamtazama mkamwana wake.

"Mume wako amekupokea," alisema. "Ivae."

Kokuberwa akapiga magoti pale pale, akalia. Lakini hakulia kwa mapenzi. Alilia kwa hatia, kwa sababu kulikuwa na jambo ambalo yeye peke yake alilijua.

*

Turudi nyuma kidogo.

Mujuni aliugua homa msimu kama huo huo wa senene. Asubuhi ya mwisho alikuwa amelala, macho mekundu, midomo imekauka.

"Kokuberwa, leo usiende," alimwambia.

"Naenda narudi. Senene wameanguka wengi, nikuletee upate hamu ya kula."

Akaenda. Rweya ilikuwa jirani tu, juu ya kibanja chao. Wanawake walikuwa wamejaa, vikapu mikononi, kelele tupu.

Mara akatokea mwanamume mmoja, amejitwika mlango mpya wa mbao. Alikuwa Karugendo, seremala wa Rwamishenye kule Bukoba, aliyekuja kufanya kazi kwenye maduka ya Kamachumu. Upepo ukaukamata ule mlango, ukamzungusha kama pia, akabaki amejificha nyuma yake.

"Hodi jamani!" akapiga kelele. "Hodi! Mbona hamnifungulii?"

Wanawake hoi. Kokuberwa ndiye aliyezidi. Alicheka mpaka akakaa chini, machozi yanamtoka.

Aliporudi nyumbani na kikapu kimejaa, alimkuta Anatolia ameketi mlangoni, mikono juu ya magoti.

"Amekwenda," alisema mama mkwe.

Basi. Wakati mumewe anakata roho, yeye alikuwa anacheka na mwanamume wa watu.

Hakumwambia mtu yeyote. Hakuna mtoto waliyejaliwa, hivyo hata wa kumlilia hakuwepo. Akabaki na Anatolia. Akalima, akapika, akamwogesha bibi yule alipougua. Na kila msimu wa senene akapeleka kifurushi kaburini, kama mtu anayetubu bila kusamehewa.

Halafu Karugendo akarudi.

*

Safari hii alikuja kutengeneza madirisha. Alikuwa mkimya kuliko zamani. Mke wake, Klaudia, alikuwa amefariki kwa uzazi, na mtoto akaenda naye.

Walikutana kisimani. Yeye amekwenda kunawa vumbi la mbao, Kokuberwa amekwenda kuteka maji.

"Wewe ndiye uliyenicheka na mlango wangu," Karugendo alisema.

Kokuberwa akageuza uso. "Usinikumbushe."

"Kwa nini? Mimi nimeishi kwa kicheko kile muda mrefu. Siku nikiwa na huzuni nasema, haya, kuna mahali niliwahi kumfurahisha mtu."

Kokuberwa akajitwika maji, akaondoka. Lakini kesho yake alikwenda kisimani mapema kuliko kawaida, na mwenyewe alijua kwa nini.

Ilianza hivyo hivyo, neno moja leo, neno jingine kesho. Siku moja akajikuta anacheka tena. Akauziba mdomo kwa kiganja, kama aliyetukana kanisani.

"Una nini?" Karugendo aliuliza.

"Hakuna kitu."

"Kokuberwa, nataka kuja kwenu rasmi. Nataka nikuoe."

"Wewe Mkatoliki, mimi Mlutheri."

"Hilo wataongea padri na mchungaji. Mimi nakuuliza wewe."

Kokuberwa akaomba apewe muda. Moyo ulishasema ndiyo, lakini kila akitaka kuitamka alimwona Mujuni pale kitandani: *leo usiende.*

Siku chache baadaye senene wakaanguka. Akapeleka kifurushi kama kawaida. Na kaburi likajibu.

*

Kwanza alimshuku Karugendo. Akamfuata kazini, kanga mkononi, pumzi juu juu.

"Ni wewe?"

Seremala akaweka randa chini. "Mimi niguse kaburi la mtu? Mimi ni fundi, dada yangu, si mwendawazimu."

Kokuberwa akamtazama machoni. Hakuwa anadanganya.

"Basi ni yeye," Kokuberwa akanong'ona. "Karugendo, nisamehe. Mimi bado ni mke wa mtu."

"Mke wa mtu aliyekufa?"

"Amenivisha."

Karugendo hakubishana. Aliinamisha kichwa, akaendelea kupiga randa, lakini ubao ule aliuharibu. Alipomaliza madirisha akapanda lori la kahawa na vifaa vyake, akarudi Rwamishenye.

Na Kokuberwa? Nikwambie ukweli: alipumua. Ndiyo, alilia, lakini ndani kabisa alipumua. Adhabu yake imepatikana. Hukumu imetoka, hakuna tena cha kuamua.

Kumbe.

*

Jumapili moja baada ya ibada alivaa ile kanga, akapitia dukani kwa Nathanael kununua chumvi.

Nathanael akatabasamu. "Imekupendeza. Mama yako alijua kuchagua."

"Mama yangu nani?"

"Si Anatolia? Kanga siku hizi za taabu, unajua mwenyewe. Nilimwambia sina. Akanivulia hizi."

Akaonyesha rafu nyuma yake. Zilikuwa bangili za shaba, nyembamba, zimelika upande mmoja. Bangili alizovishwa Anatolia siku alipoolewa, ambazo hakuwahi kuzivua hata siku ya kumzika mwanawe.

Kokuberwa alisahau chumvi.

Alimkuta mama mkwe jikoni anamenya ndizi. Akasimama mlangoni.

"Mama, bangili zako ziko wapi?"

"Mkono umekonda. Zilikuwa zinaanguka."

"Zimeangukia dukani kwa Nathanael?"

Kisu kikasimama.

Kuku akaingia, akatoka.

"Nilikuona kisimani," Anatolia alisema hatimaye. "Nilikuona unacheka na yule seremala. Nikasema, ndiyo hivyo, anaondoka. Lwakatare, mtoto wa mke mwenzangu, ndiye mrithi wa kibanja hiki. Ameshaniambia siku ukitoka wewe, mimi nahamia kile kibanda cha mbuzi. Ningefanya nini? Nani angenishika mkono?"

"Ukamtumia Mujuni kunifunga kamba?"

"Nilimtumia. Ndiyo."

"Na senene wale?"

Bibi akainamisha uso. "Niliwala."

"Mama! Wewe mwanamke!"

"Wote. Wabichi. Nililia huku natafuna. Ningewatupa wapi? Walikuwa wa mwanangu."

Kokuberwa alitaka kupiga kelele. Badala yake akakaa juu ya maganda ya ndizi. Na lile jambo la miaka yote likamtoka lenyewe.

"Mama, hata wewe hunijui. Asubuhi ile Mujuni anakufa, mimi nilikuwa nacheka kule rweya. Na huyo huyo Karugendo."

"Najua."

"Unajuaje?"

"Kicheko chako kilifika mpaka kitandani. Mujuni alikisikia. Akafungua macho, akaniuliza, 'Huyo si Kokuberwa?' Nikamwambia ndiye. Akasema, 'Basi senene ni wengi kweli leo.' Akatabasamu. Halafu akaenda."

Kokuberwa alimkodolea macho.

"Miaka yote hii... Mama, ulininyima hilo?"

"Nilikunyima." Sauti ya bibi ilikatika. "Nilikuwa nimemshika mimi. Nilimzaa mimi. Lakini neno lake la mwisho lilikuwa lako. Sikuweza kukupa."

Kokuberwa alimaliza kumenya zile ndizi, akapika, akapakua chakula cha watu wawili. Hasira ilikuwa imemjaa mpaka kooni, lakini mzee hawezi kulala njaa kwa sababu ya hasira.

*

Wiki iliyofuata, Karugendo alikuwa anapiga randa nje ya nyumba yake Rwamishenye. Lori la kahawa likasimama barabarani. Akashuka Kokuberwa. Akageuka, akamshusha bibi mmoja kwa kumshika kiunoni, halafu kikapu, halafu mkungu wa ndizi.

Karugendo akasimama na randa yake mkononi.

"Nimekuja kujibu swali lako," Kokuberwa alisema. "Lakini ukinichukua, unachukua wawili. Huyu simwachi."

"Ni mama yako mzazi?"

"Mama wa Mujuni."

Seremala akajikuna kichwa. Mambo hayo hayakuwahi kuonekana: mwanamke kuolewa na kwenda na mama mkwe wa kwanza.

"Waitu Mama," akamsalimu bibi kwa heshima, "njoo ukae kivulini. Safari ilikuwa ndefu."

Anatolia akakaa. Akaikagua nyumba juu mpaka chini.

"Paa linahitaji nyasi mpya," akasema.

Watu walisema sana, Kamachumu na Bukoba. Wengine walimwita Kokuberwa mjinga, wengine walisema amerogwa. Aliolewa na Karugendo, na Anatolia akaishi nao mpaka mwisho wa siku zake. Alipokufa, walimrudisha Kamachumu, na Karugendo ndiye aliyetengeneza jeneza.

Usifikiri hatia iliisha. Hapana. Zilikuwepo siku Kokuberwa alikata kicheko katikati, akatazama pembeni. Karugendo hakumuuliza. Yeye naye alikuwa na siku zake za Klaudia. Kila mmoja alimpisha mwenzake, ikipita wanaendelea.

Hili ndilo la kubeba: aliyekufa hana haja ya kukufunga. Anayekufunga mara nyingi ni aliye hai, na anakufunga kwa sababu anaogopa kubaki peke yake. Ukimjua, usimkimbie kabla hujamuuliza anaogopa nini.

Majirani wa Rwamishenye walizoea kumuuliza Anatolia, "Bibi, wewe ni nani hapa nyumbani?"

"Mimi ni mama wa mume wake," alijibu.

"Wa Karugendo?"

"Wa kwanza. Huyu wa pili nimemkuta mkubwa, namfundisha tu."